Viunganishi vya kusukuma kwenye mabomba ya nyumbani: je, vinaweza kufukiwa ukutani?

"Habari za kazi, mtaalamu. Ninajenga nyumba ya vyumba vitatu Kigamboni na tumefika hatua ya mabomba, kabla ya kupiga plasta. Kaka yangu anayeishi Uingereza ameniwekea kwenye kontena boksi zima la viunganishi vya kusukuma, vile ambavyo unaingiza bomba kwa mkono na linashika bila gundi wala kuchomelea. Anasema kule alipo nyumba nyingi hutumia hivyo. Fundi wangu ameanza kufunga PPR, yale mabomba ya plastiki ya kuchomelewa kwa joto, ya milimita 20 na 25, na amekataa katakata kuvitumia. Anasema vitafyatuka usiku tukiwa tumelala na nyumba itajaa maji. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi kidogo, na yanapanda kwenye simtank ya lita 3,000 iliyo juu ya mnara wa mita sita. Baadaye natarajia kuweka pampu ya kuongeza presha na hita ya sola. Nimsikilize kaka au fundi? Na je, vinaweza kufukiwa ukutani?"

Ndugu yangu, nianze na jibu lenyewe, kwa kuwa plasta haisubiri. Usivifukie ukutani, na usijaribu kuvivalisha kwenye PPR. Fundi wako yuko sahihi katika uamuzi wake, ingawa sababu aliyoitoa si sahihi. Kaka yako naye hajakudanganya: Uingereza viunganishi hivi vimo katika nyumba nyingi, na Marekani vilienea sana tangu chapa ya SharkBite ilipoingia sokoni huko mwaka 2004. Tatizo ni kwamba uimara wa kiunganishi cha aina hii haukai ndani yake peke yake. Unategemea bomba linaloingia, mkono uliolikata, na mahali kinapowekwa, na katika mambo hayo matatu nyumba yako haifanani na ya kaka yako.

Kwanza uelewe kinavyofanya kazi, maana ukielewa hapo mengine yote yatakuwa mepesi. Ndani ya kiunganishi kuna vitu viwili vyenye kazi mbili tofauti, na watu wengi hudhani ni kitu kimoja. Cha kwanza ni pete yenye meno membamba ya chuma kisichoshika kutu, na kazi yake ni kulizuia bomba lisitoke. Meno hayo yameinamia ndani, kama mdomo wa dema: samaki huingia kwa urahisi, lakini akitaka kurudi nyuma hukutana na ncha. Cha pili ni oringi, yaani mpira wa duara ambao kwa kawaida hutengenezwa kwa aina ya mpira iitwayo EPDM, na kazi yake ni kuzuia maji yasipite kati ya bomba na mwili wa kiunganishi. Meno hayazuii maji, na oringi haishiki bomba. Katika miundo iliyozoeleka zaidi bomba hupita kwanza kwenye meno, kisha kwenye oringi, halafu hugota kwenye kizuizi kilicho mwishoni. Shika vizuri mpangilio huo, kwa sababu ndani yake ndimo chimbuko la uvujaji mwingi lilipo.

Sasa tupime hofu ya kufyatuka. Maji yaliyo ndani ya bomba husukuma ncha yake itoke kwa nguvu inayolingana na presha ikizidishwa kwa eneo la duara la bomba. Simtank iliyo mita sita juu ya koki hutoa presha ya bar 0.6 hivi, kwa kuwa kila mita kumi za kimo ni karibu bar moja. Kwenye bomba la milimita 15, presha hiyo husukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja tu. Hata ukipandisha presha hadi bar 10, ambayo nyumba ya kawaida haipaswi kuifikia, nguvu hiyo ni kama uzito wa kilo 18 kwa bomba la milimita 15 na kama kilo 39 kwa bomba la milimita 22. Viunganishi vya Uingereza vilivyotengenezwa kwa kiwango cha BS 7291 hukusudiwa kuhimili bar 12 kwa maji baridi ya nyuzi joto 20, na SharkBite asilia zimewekewa kikomo cha bar 13.8 na nyuzi joto 93. Tena kadiri maji yanavyosukuma bomba nje, ndivyo meno yanavyozidi kuuma. Kwa hiyo kiunganishi halisi, kilichofungwa sawasawa kwenye bomba lake halali, hakifyatuki usiku kwa presha ya tangi lako.

Nadhani najua hofu ya fundi wako inakotoka, na ina mizizi halali. Mafundi wetu wengi wamekutana na mfumo wa kusukuma kwenye mabomba ya maji taka, yale ya PVC yenye mpira mmoja mdomoni. Mabomba hayo hayana meno hata kidogo. Yametengenezwa kwa maji yanayoteremka yenyewe, na ukiyajaza maji ya presha lazima yachomoke. Aliyeona hilo mara moja hawezi kulaumiwa akishuku kila kinachosukumwa kwa mkono. Wapo pia waliosikia kwamba Marekani mabomba ya plastiki yalipasuka majumbani na kuzua kesi kubwa. Ni kweli: mabomba ya polibutilini yaliyofungwa huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 yalileta madai yaliyoishia mwaka 1995 kwa makubaliano ya fidia ya dola milioni 950. Lakini lawama nyingi ziliangukia klorini ya maji iliyodhoofisha plastiki ya mabomba hayo na ya viunganishi vyake vya kubanwa kwa pete, na si meno na oringi tunavyovizungumzia hapa.

Kwa upande mwingine, kanuni yenyewe si ngeni kwetu. Ukienda penye mita za maji za mtaa wowote utaona bomba jeusi la HDPE likiingia kwenye kiunganishi cha plastiki chenye nati kubwa ya kukaza kwa mkono. Ndani yake mna oringi ya kuzuia maji na pete iliyokatwa ya kushika bomba. Ni jamaa wa karibu wa vilivyo kwenye boksi lako, na fundi wako amevifunga bila shaka na kuviamini.

Basi vinaharibika kwa nini, pale vinapoharibika? Sababu kubwa ni bomba kutoingia lote. Kumbuka mpangilio niliokueleza: meno kwanza, oringi baadaye. Fundi akisukuma bomba likapita meno tu na kugusa ukingo wa oringi, kisha akalivuta kujaribu, halitatoka; meno yameshashika. Ataridhika na kuendelea na kazi. Penye presha ndogo ya tangi huenda hata pasilowe, kwa sababu oringi imeguswa vya kutosha kuziba kwa muda. Baada ya miezi kadhaa bomba linatikisika kidogo, presha inapanda kwa sababu pampu imewekwa, na maji yanaanza kutoka. Ndiyo maana kuvuta peke yake hakuthibitishi lolote. Kinachothibitisha ni alama ya kalamu iliyowekwa kwenye bomba kabla ya kulisukuma, kwa kipimo cha kina alichokitaja mtengenezaji, na alama hiyo ikutane na mdomo wa kiunganishi baada ya kusukuma. Ukiona fundi anafunga viunganishi hivi bila kalamu mfukoni, msimamishe kwa heshima.

Sababu inayofuata ni mkato. Bomba linatakiwa kukatwa kwa mkasi au kikata bomba, ncha iwe sawa pande zote, na kingo zisafishwe. Msumeno wa chuma huacha ncha kali ambazo hupita juu ya oringi kama wembe, na mpira uliochanwa hauwezi kurekebishwa. Mabomba laini ya plastiki, kama yale ya PEX, yanahitaji pia kijibomba kigumu ndani ya ncha yake, ili yasibonyee pale meno na oringi yanapobana. Kukiacha kwa sababu kilipotea kwenye boksi ni kujiwekea uvujaji wa baadaye. Na kuna jambo moja ambalo limezoeleka mno: kupaka grisi ya gari au mafuta ili bomba liteleze. Mpira wa EPDM huvimba na kulegea unapokutana na mafuta ya petroli. Viunganishi vingi hutoka kiwandani vikiwa tayari vina kilainisho. Pale kinapohitajika kingine, ni grisi ya silikoni pekee inayofaa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa nyumba yako ndilo linaloamua, nalo ni ukubwa. Viunganishi vya Uingereza kwa kawaida huwa vya milimita 10, 15, 22 na 28, kipimo cha nje ya bomba. PPR uliyonayo ni ya milimita 20 na 25. Ya 20 haiingii kwenye kiunganishi cha 15, na kwenye cha 22 itaelea bila oringi kuigusa ipasavyo. Kama ndani ya boksi kuna vilivyotoka Marekani, uangalifu uongezeke: kile wanachokiita nusu inchi kina kipimo cha nje cha karibu milimita 15.9, tofauti ndogo kiasi kwamba jicho linadanganyika na mkono unalazimisha. Bomba la milimita 15 litaingia kwenye kiunganishi hicho, litaonekana limeshika, lakini uzibaji wake hauna dhamana yoyote. Hata nyuzi za skrubu zinatofautiana. Hapa kwetu tunatumia nyuzi za BSP, na Marekani hutumia NPT. Kwa nusu inchi na robo tatu idadi ya nyuzi kwa inchi ni sawa, 14, lakini pembe za nyuzi si sawa, hivyo huanza kukubaliana kisha hukataa au huvuja. Nunua kipimo cha kalipa, kile cha kuteleza, au mwazime fundi wa vyuma, upime kila kipande kabla ya kukiamini.

Hata kama ukubwa ungekubali, PPR isingefaa. Viunganishi vya kusukuma hutengenezwa kwa mabomba yaliyotajwa kwa jina kwenye maelezo yake, kwa kawaida shaba, PEX, polibutilini na aina nyingine chache. PPR imetengenezwa ili iyeyushwe na kuunganishwa kwa joto, na uso wake wa nje hukwaruzika kwa urahisi unapoburutwa eneo la ujenzi, wakati oringi inahitaji uso laini, usio na mistari, ili izibe.

Kuhusu ukuta: nyumba nyingi za Uingereza na Marekani zina kuta za ndani za fremu za mbao zilizofunikwa mbao laini za jasi. Bomba huko hupita katika uwazi, na likivuja mtu hukata kipande cha jasi, hurekebisha, na kufunika siku hiyo hiyo. Wewe una ukuta wa tofali za saruji. Bomba linalazwa ndani ya mfereji uliochimbwa, linafunikwa kwa saruji, kisha plasta, kisha marumaru bafuni. Tone moja ndani ya ukuta huo hutembea kwa miezi kabla halijajitokeza, mara nyingi chumba cha pili, likiwa limeshaharibu rangi na msingi wa marumaru. Waingereza wenyewe, katika kanuni zao za vifaa vya maji za mwaka 1999, hawaruhusu kifaa cha maji kuzikwa moja kwa moja ndani ya ukuta au sakafu ngumu. Wanataka kiwe katika mfereji au ndani ya bomba jingine, mahali kinapoweza kufikiwa. Kaka yako akitazama nyumbani kwake ataona hivyo.

Maji yako nayo yana neno. Chumvi ya kisima cha pwani hushambulia vitu viwili tunavyovitegemea hapa. Shaba nyeupe ya kawaida, yaani brasi, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, hupoteza zinki yake taratibu na kubaki kama sifongo. Ndiyo maana ni vyema kutafuta vipande vyenye alama ya CR, inayoonyesha aina inayostahimili hali hiyo. Na chuma kisichoshika kutu, licha ya jina lake, huweza kutobolewa vishimo vidogo vidogo na kloridi iliyo katika chumvi hiyo, hasa mahali palipofichika ambapo maji yametulia. Meno membamba yamekaa mahali pa namna hiyo hasa. Simaanishi kwamba yataoza mwakani. Namaanisha kwamba sehemu ya kuchunguzwa mara kwa mara haifai kuwa nyuma ya marumaru.

Kisha kuna pampu unayoitarajia. Presha ya kudumu si tatizo, kama tulivyoona kwenye hesabu. Kinachochosha viungo ni mshtuko, ule mlio wa kishindo unaosikika koki inapofungwa ghafla au mashine ya kufulia inapokata maji. Maji yanayokwenda kwa kasi ya mita moja kwa sekunde, yakisimamishwa ghafla kwenye bomba la chuma, huweza kuongeza presha kwa zaidi ya bar 10 kwa kitambo kidogo sana. Kwenye plastiki ongezeko huwa dogo zaidi, kwa kuwa bomba hutanuka kidogo. Siku moja yenye pampu inayowaka na kuzima huleta mishtuko mingi. Chagua pampu yenye tangi dogo la presha, iwekwe isizidi bar tatu kwa nyumba ya chini kama yako, na mabomba yote yafungwe kwa klipu imara yasicheze. Kufanya hivyo kutayasaidia maungio ya aina zote, yawe ya kusukuma au ya kuchomelea.

Kuhusu hita ya sola sina shaka hata kidogo: usiweke kiunganishi cha kusukuma cha plastiki karibu nayo. Siku ya jua kali ambayo hakuna anayetumia maji, joto lake laweza kupita nyuzi 90, na uwezo wa plastiki kuhimili presha hushuka kadiri joto linavyopanda. PPR yenyewe inakusudiwa kwa maji ya moto ya kama nyuzi 70 kwa muda mrefu. Mita za kwanza kutoka kwenye hita ziwe za shaba au chuma, na kabla ya maji kuingia nyumbani pawe na valvu ya kuchanganya inayopunguza joto. Hiyo italinda mabomba, na zaidi ya mabomba, itawalinda watoto wasiungue.

Huenda sasa unafikiri kwamba PPR ndiyo suluhisho lisilo na dosari. La hasha. Kiungo cha PPR kilichochomelewa vizuri huwa kitu kimoja na bomba, nacho ndicho ninachokishauri ndani ya ukuta wa tofali. Lakini kinategemea mkono wa fundi kuliko hata kile cha kusukuma. Mashine iwe imefika nyuzi 260. Bomba la milimita 20 lipashwe kwa sekunde tano hivi, la 25 sekunde saba. Lisizungushwe wakati wa kuunganisha. Likipashwa kidogo, linashika juu juu. Likizidishwa, plastiki hujaa ndani na kubana njia ya maji, nawe utalalamika baadaye kwamba bafu la mwisho halina presha huku tangi limejaa.

Kwa hiyo kabla ya plasta, dai kipimo cha presha, na uwepo mwenyewe kinapofanyika. Fundi ajaze mfumo, atoe hewa yote, afunge pampu ya mkono yenye geji, apandishe kwanza hadi bar mbili na kuangalia kila kiungo kwa macho na vidole, kisha afike bar 10 na kuiacha walau saa moja. Hatua ya chini haipaswi kurukwa, hasa penye oringi, kwa sababu presha kubwa wakati mwingine huikandamiza oringi iliyokaa vibaya ikaziba kwa muda. Kwenye plastiki mshale hushuka kidogo mwanzoni kwa sababu mabomba yanatanuka. Presha iongezwe tena, na mshale ukiendelea kushuka kuna mahali panavuja. Kupima kwa kufungua koki ya tangi na kutazama hakutoshi, kwa maana bar 0.6 haitafichua kiungo dhaifu.

Je, boksi la kaka yako ni la kutupwa? Hapana, wala si lazima kumvunja moyo. Panga ukuta wote uwe wa PPR na utoke nje kwa elbo yenye nyuzi za shaba. Kuanzia hapo, chini ya sinki la jikoni, nyuma ya mashine ya kufulia, ndani ya kabati la bafu, unaweza kufunga kiunganishi cha kusukuma chenye nyuzi za BSP na kuendelea na bomba la shaba au PEX la milimita 15. Hapo mkono unafika, jicho linaona, na siku ya kubadilisha kifaa huhitaji kumwita mtu mwenye mashine ya kuchomea. Kwenye kazi za namna hiyo, kwa maoni yangu, ni vifaa bora kuliko vingi tunavyouziwa hapa. Usiviweke juani kwenye mnara wa tangi, kwa maana mionzi ya jua hudhoofisha plastiki ya mabomba na ya viunganishi. Ukikitoa kiunganishi ili ukitumie tena, kata ile ncha ya bomba yenye mikwaruzo ya meno kabla ya kuirudisha.

Lipo jambo la umeme ambalo watu wa mabomba tunalisahau. Ikiwa mahali popote nyumbani kuna bomba la chuma ambalo fundi umeme amelitegemea kwa waya wa ardhi, kipande cha plastiki kikiwekwa katikati kinakata njia hiyo. Kwa nyumba yenye hita za kuogea za papo kwa papo, hilo ni suala la uhai. Mwite fundi umeme aliyesajiliwa apime kabla ya mtu kuoga.

Mengine yote unaweza kuyasimamia wewe na fundi wako, ila usiendelee kwa maandishi haya pekee kama geji inashuka na hamwoni panapovuja, kama kuna viunganishi ambavyo tayari vimefukiwa, au kama maji ya kisima chako hayajawahi kupimwa maabara. Peleka sampuli ya maji ipimwe kloridi kabla ya kununua pampu na hita, na muuzaji wa hita aione karatasi ya majibu, kwa sababu kiwango hicho ndicho kitakachoamua kama tangi lake la ndani liwe la chuma kisichoshika kutu au la aina iliyopakwa. Kama kuna viungo vilivyokwisha kufukiwa, tafuta fundi mwenye pampu ya kupimia aje apime kipande kwa kipande kabla ya plasta kupigwa, na umwonyeshe pia vile vilivyo kwenye boksi, akiwa na kalipa mkononi.